Kazi ya Bure: Vijana wa Khandaqi na Vijana Wetu

Alikuja kwetu mama mmoja, jirani, baada ya sala ya Alasiri. Aliketi na mke wangu kwa muda, kisha akataka niitwe. Nilipotoka barazani akanambia: "Maalim, naja kwako uniamue na baba watoto. Mwanetu tangu amalize skuli hana kazi. Sasa ni mwezi wa kumi na nne yuwenda zahanati kila asubuhi. Huandika kadi za wagonjwa, hufagia, hushika wazee mkono. Hapewi hata thumni. Mimi nasema na aende, ajifunza na apata thawabu. Babake asema basi, imetosha."

Jioni nikaonana na baba, naye ni mvuvi, mtu wa maneno machache. Akasema: "Thawabu yake naitaka sana, Maalim. Lakini nauli yake naitoa mimi." Nikamuuliza, je, na Jumapili, siku ambayo vijana wa mtaa huenda kufyeka makaburini, nayo haitaki? Akasema: "Makaburini na aende, na mimi nitakwenda naye. Makaburini hapana alipwaye. Kule zahanati wako watu wanaopokea mshahara, na kazi yao aifanya mwanangu."

Sikuwajibu siku ile. Jambo hili lataka mtu atulie, kwa kuwa wote wawili wana haki, na kwa kuwa siku hizi limeingia katika kila nyumba. Vijana wanajitolea kufundisha maskuli, wanajitolea katika maofisi, wanajitolea mahospitali, na neno lenyewe "kujitolea" limekuwa lina maana mbili: moja ni ya mtu atoaye kwa moyo wake, na moja ni ya mtu angojaye kazi ambayo haijulikani itakuja lini. Basi nikarudi kwenye vitabu vya sira nitazame kazi ya bure ilikwendaje zama za Mtume (S.A.W.), khalafu nikatazama iliingiaje huku kwetu.

Mtume (S.A.W.) alipofika Madina mwaka 1 wa Hijra, yaani 622, ngamia wake alipiga magoti mahali pa kuanikia tende. Mahali hapo palikuwa ni mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walipojua kwamba pale panatakiwa pajengwe msikiti, walisema wanatoa bure. Mtume hakukubali. Akapanunua kwa thamani. Baada ya kulipwa wenye mali ndipo watu wakaingia kazini bila ya ujira, naye mwenyewe akibeba matofali ya udongo pamoja nao. Sahaba Ammar bin Yasir, ambaye hakuwa kijana tena, alikuwa akibeba mawili mawili wakati wenziwe wanabeba moja moja.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hulipita mbio tukisoma kisa hiki. Msikiti ule ulikuwa na mambo mawili ndani yake: kazi ilikuwa ya bure, lakini ardhi ililipiwa. Haikusemwa kwamba maadamu jambo ni la kheri basi kila mtu na atoe kila kitu. Waliokuwa wanyonge, ambao hawana baba wa kuwasemea, walilindwa hata na ukarimu wao wenyewe. Mtoto yatima akisema "chukueni bure" mbele ya wakubwa, nani ajuaye kama amesema kwa ridhaa au kwa haya?

Sasa natuingie katika Khandaqi, kwani huko ndiko kuliko na elimu kubwa zaidi ya jambo letu. (Na neno hili twalo katika lugha yetu kila siku. Handaki ni hilo hilo khandaq la Waarabu, nao waliliokota kwa Waajemi.)

Ilikuwa mwaka 5 wa Hijra, sawa na 627. Makureshi na Ghatafani na wengineo, jumla yao kiasi cha watu 10,000, walikuwa wanakuja kuimaliza Madina, na Waislamu wa kupigana hawakuzidi 3,000. Salman Alfarisi (R.A.) akatoa shauri la kuchimba handaki kama lifanywavyo kwao Uajemi. Madina pande zake nyingine zilikuwa na kinga ya mawe meusi makali, na majumba, na mitende. Upande wa kaskazini ndio uliokuwa wazi, nao ndio uliochimbwa. Imepokewa kwamba kila watu kumi walipewa dhiraa arubaini. Wakati ulikuwa ni wa baridi na chakula hakuna.

Katika kazi hiyo walikuwamo vijana, na khabari zao zimehifadhiwa vizuri kuliko tungalivyotaraji.

Abdallah bin Umar alikuwa amejipeleka vita vya Uhudi akiwa na miaka 14, akarudishwa. Siku ya Khandaqi alikuwa na miaka 15, akakubaliwa. Baadaye Khalifa Umar bin Abdulaziz alipoisikia hadithi hiyo aliifanya ndiyo mpaka baina ya mtoto na mtu mzima, akawaandikia maliwali wake. Maana yake ni kwamba hamu ya kijana peke yake haikutosha. Alikuwako mkubwa wa kumtazama na kumwambia "bado wewe", na bidii yake haikugeuzwa kuwa hoja ya kumbebesha asichokiweza.

Zayd bin Thabit naye alikuwa na umri kama huo, kiasi cha miaka 15 au 16, na kazi yake ilikuwa kubeba mchanga. Imepokewa kwamba usingizi ulimshinda akalala pale pale, na mmoja wa wenziwe akamwondolea silaha yake kwa mzaha. Zayd alipoamka asiione alifazaika. Mtume (S.A.W.) akamtania kwa kumwita baba wa usingizi, kisha akauliza ni nani aliyechukua silaha ya kijana huyu, ikarudishwa, na akakataza Muislamu kutishwa au kuchukuliwa kitu chake hata kwa mchezo. Hakuulizwa kwa nini amelala. Mtoto amechoka, amelala. Na Zayd huyu ndiye aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani katika ukhalifa wa Abubakar (R.A.).

Alikuwako pia kijana aliyekuwa ndio kwanza ameoa. Khabari yake ameipokea Abu Said Alkhudri. Kila mchana alikuwa akiomba ruhusa arudi kwa mkewe, na Mtume akimpa, na siku moja akamwambia achukue silaha yake njiani, kwa kuwa akimchelea na adui. Fikiri, ndugu msomaji! Mji mzima uko katika hatari, adui yuko njiani, na bwana arusi apewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Aya ya 62 ya Sura ya Annur inataja jambo hili hili, kwamba waumini wakiwa na Mtume katika shughuli ya jumla hawaondoki mpaka wamtake ruhusa, naye ameambiwa awape awatakao katika wao. Sisi twaisoma aya hiyo kwa upande mmoja tu, upande wa kumkataza kijana asiondoke. Upande wa pili ni wa yule anayeombwa ruhusa, ajue kuwa mtu ana nyumba yake na ana haja zake.

Na chakula? Jabir bin Abdillah aliona njaa katika uso wa Mtume (S.A.W.), ambaye alikuwa amefunga jiwe tumboni, na ambaye mwenyewe ndiye aliyeitwa alivunje jabali lililowashinda wachimbaji. Jabir akaomba ruhusa akaenda kwake. Mkewe alikuwa na pishi ya shayiri na kijimbuzi kidogo. Akachinja, mke akasaga, na Jabir akamwita Mtume kwa siri pamoja na mtu mmoja au wawili. Mtume akawaita wachimbaji wote. Wakala wakashiba, na chungu kikabaki. Kisa hiki twakisimulia kwa ajili ya muujiza, na ni haki yake. Lakini chasema pia kwamba mkubwa wa kazi hakuwa radhi kula akawaacha waliokuwa wakichimba naye.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya bure ya Madina. Mkubwa alikuwa shimoni pamoja na wadogo. Wasioiweza walirudishwa, mwenye udhuru alipewa ruhusa, chakula kilikuwa kimoja, na kazi ilikuwa na mwisho unaojulikana. Handaki lilipokwisha, lilikwisha.

Tena tusidhani kuwa ujira ulidharauliwa. Nabii Musa (A.S.) alipokuwa kijana mkimbizi aliwanyweshea mifugo wasichana wawili kisimani Madyan bila ya kuombwa wala kuagana malipo, na mara mzee wao akatuma aitwe ili alipwe, kama ilivyo katika Sura ya Alqasas. Kijana hakudai, na mzee hakungoja adaiwe. Na katika Sura ya Attawba, aya ya 79, wametajwa waumini wenye kujitolea na wale wasiokuwa na kitu ila juhudi yao, ambao wanafiki waliwacheka. Katika sababu zake hutajwa Abu Aqil, maskini aliyeleta nusu pishi ya tende. Masahaba maskini zama hizo walikuwa wakibeba mizigo kwa ujira ili wapate cha kutoa sadaka. Yaani walianza wakalipwa, kisha wakatoa.

Nije huku kwetu. Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji kufundishwa na mtu kazi ya pamoja. Nyumba ya udongo ilikandikwa na watu wa mtaa kwa siku moja, mwenye nyumba akipika wali. Jahazi lilishushwa majini na kila mwenye mabega. Kisima kikichafuka vijana huteremka wakatoa tope. Upande wa Tanga kazi ya namna hii huitwa msaragambo, na neno hilo halijafa. Katika hayo yote mtu alijua leo ni kwa Fulani na kesho ni kwake, na asiyekwenda kwa mwenziwe alikuwa akijijua siku yake itakavyokuwa.

Ikaja serikali ya Wajarumani ikaona desturi hii, ikaona faida. Mwaka 1902 ulianzishwa mpango wa mashamba ya pamba ya vijiji katika sehemu za kusini na karibu na Dar es Salaam. Watu walitolewa majumbani walime shamba la jumla, na mapato yagawanywe baina ya waliolima, na wakubwa wao, na mfuko wa mpango wenyewe. Ulipokuja wakati wa kugawa, waliotoa jasho walipata pesa kidogo mno, hata wengine wakakataa kuzipokea. Mwisho wa Julai 1905 watu wa Umatumbi wakaing'oa pamba ile shambani, na huo ukawa ndio mwanzo wa vita vya Maji Maji vilivyokwenda mpaka 1907. Wajarumani wenyewe walikisia kuwa walikufa watu 75,000, na wanahistoria wengi wasema hesabu ya kweli ni kubwa zaidi ya hiyo.

Na hapa tusifiche jambo. Maakida waliowasimamia watu wale wengi walikuwa ni watu wa pwani, watu wa kanzu na kofia, wenye majina kama yetu. Mjarumani alikuwa mbali. Aliyesimama na fimbo shambani alikuwa mwenzetu. Twapenda kusimulia Maji Maji kama kisa cha Mzungu na Mwafrika, nacho ni hivyo, lakini kina na kipande chetu.

Waingereza nao walikuwa na yao. Katika milima ya Uluguru waliwalazimisha watu wakate matuta ili mvua isiuchukue udongo. Hoja ilikuwa nzuri kwenye karatasi, lakini wenye milima hawakuulizwa, na mwaka 1955 zikatoka fujo mpango ukaachwa. Hata Shirika la Kazi la Ulimwengu, katika mkataba wake wa mwaka 1930 wa kupinga kazi za kulazimishwa, liliziachilia kazi ndogo ndogo za kijiji kwa sharti kwamba wanakijiji wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo yahitajiwa. Sharti hilo moja lingetosha kuiponya Uluguru.

Ulipopatikana uhuru kazi ya kujitolea ikapata heshima mpya. Kenya ikapiga mbiu ya Harambee. Tanganyika ikaanzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963. Mengi mazuri yalifanyika, na mtu asiyakanushe kwa kuwa hayapendi mengine. Mwaka 1967 katika Tanzania watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha 67 katika kila mia. Kufika mwaka 1975 walikuwa 39. Kisiwa cha Mafia kilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo zilizochaguliwa kufuta ujinga. Waliofundisha wengi wao hawakuwa waalimu. Walikuwa ni vijana waliomaliza skuli za msingi, wakikaa jioni na wazee wenye umri wa babu zao, ubao umeegemezwa kwenye mnazi. Kijana aliyemfundisha bibi yake kuandika jina lake amepata kitu ambacho mshahara haukimpi.

Lakini mwaka 1966 palitokea jambo la kufikiriwa. Serikali ilitaka wanaomaliza vyuo vikuu na masomo ya juu waitumikie nchi miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, na miezi 18 iliyobaki kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana mpaka Ikulu na majoho yao, na baadhi ya mabango yakisema wakati wa ukoloni hali ilikuwa bora. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akawafukuza waliokaribia 400 warudi kwao. Siku hiyo hiyo akatangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi katika wanafunzi wale walirudishwa chuoni mwaka uliofuata.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwalaumu wale vijana tu. Neno lile la ukoloni lilikuwa baya, na nchi iliyowasomesha ilikuwa ya wakulima wasiopata hata hiyo asilimia 40. Lakini leo nikikisoma kisa hicho karibu na cha Khandaqi, naona jambo lililonipita. Vijana walilalamika pia kwamba wakubwa walikuwa wakipokea mishahara minono huku wao wakiambiwa wajinyime. Na jibu la Rais kwa hilo halikuwa kuwaambia ni waongo. Jibu lilikuwa ni kuukata mshahara wake. Alijua kwamba hapo wamegusa pahala. Ukali wa kuwafukuza siusifu, kukatwa ule mshahara nakusifu. Utumishi ule wa lazima uliendelea mpaka 1994 ukasimamishwa, na mwaka 2013 ukarejeshwa.

Na mimi nina langu la kueleza. Nilipokuwa kijana tuliitwa na kamati moja, ambayo siitaji, tujenge madrasa. Tulibeba mawe, tukachoma chokaa, tukachanganya zege kwa makarai vichwani, Ijumaa hata Ijumaa, karibu mwaka mzima. Chakula tulikula kwetu. Fundi mmoja mzee wa mtaa wetu, aliyekuwa akitegemea kazi za namna hiyo kulisha wanawe, alikuwa akipita akitutazama, asiseme kitu. Madrasa ikamalizika. Mbele yake kukatolewa vyumba vitatu vya maduka, vikakodishwa, na kodi yake mpaka leo hatukuonyeshwa daftari. Mmoja wetu alikwenda kuuliza, akaambiwa: "Nyinyi si mlifanya kwa ajili ya Mungu?"

Nimelikumbuka neno lile miaka mingi. Kweli, tulifanya kwa ajili ya Mungu. Ndiyo maana kodi ile haikuwa yao. Aliyefanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu amemwachia Mwenyezi Mungu ujira wake, hakumwachia mwenye kamati. Na yule fundi mzee mimi najuta kwake, maana sisi watoto wa watu waliokula wakashiba tulikuwa tunafanya bure kazi ambayo yeye angeifanya kwa pesa, na tukirudi nyumbani tukisifiwa.

Haya yote niliyawaza kabla ya kwenda kwa jirani yangu. Nilipokwenda nilimwambia yule mvuvi kwamba hoja yake ina asili. Kazi ya makaburini haina mwenye mshahara nyuma yake, na kazi ya zahanati inaye. Nikamwambia mama naye kwamba amesema kweli. Kijana wake amejifunza, na wagonjwa wamtajia dua. Lakini miezi kumi na nne si msaragambo. Msaragambo hujulikana utakwisha lini, na aliyeombwa ruhusa huitoa.

Tukamwita kijana mwenyewe, kwani mpaka hapo hapana aliyemuuliza. Kumbe alikuwa na lake. Alisema hataki kuacha kabisa, ataka kwenda chuo cha uganga akipata njia, na pale ameshika mengi. Lakini aona haya kwa babake kila asubuhi akipokea nauli. Babake akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mbona hukunambia?"

Kijana alikwenda akamwambia mkubwa wake kwamba ataka kuja siku tatu tu kwa wiki, na kwamba ataka barua ya kuonyesha kazi alizozifanya na muda wake, ili aombe nayo chuo. Barua alipewa baada ya kuifuata mara tatu. Nauli hawakumpa. Siku nyingine sasa huingia baharini na babake, na samaki wake huuza mwenyewe.

Jumapili iliyopita tulikuwa makaburini. Majani yalikuwa marefu kwa ajili ya mvua za vuli. Yule mvuvi alikuja na panga lake amelinoa, akaanza upande wa kaburi la mamake, na mwanawe akaanza upande wa pili.